Nilimkamua kambare wangu jike kama ng'ombe, Deus wa Ihembe aje ajibu

Damu ilianza kutoka na mimi bado nakamua.

Wakuu habari zenu. Hili limenikuta mwenyewe hapa Ihanda, sitii chumvi. Shule niliishia la nne, maandishi mtanivumilia.

Nina kibwawa nyuma ya migomba. Humo nilikuwa na kambare jike, miaka mitatu namlisha kwa mkono. Nikigonga ndoo anakuja. Huyo ndiye nilimtegemea anipe vifaranga, maana bwawani mayai anayabeba tu, hatagi mpaka achomwe sindano ya kuivisha mayai.

Akaja Deus wa Ihembe, anajiita mtaalamu, kajifunzia Mwanza. Akachoma jioni, tumbo hata hakulishika. Huyoo kwenye bodaboda.

"Sasa mayai nayatoaje?" nikamuuliza akiwa anapanda.

"Mzee, wewe si mfugaji? Saa kumi na moja alfajiri mkamue kama ng'ombe."

Kwetu ng'ombe anakamuliwa mpaka tone la mwisho. Ukibakiza, kiwele kinavimba. Ndivyo nilivyolelewa.

Alfajiri mke wangu akamfunika macho kwa kitambaa kibichi, nikabana tumbo. Yakatoka mayai kiduchu, kama uwele. Nikaongeza nguvu.

"Baba Anitha, muache! Huyo siyo Bihogo!" Bihogo ni ng'ombe wetu.

Nikamjibu bado hajaisha. Ndipo damu. Na hapo nilibana tena mara moja, naungama.

Nikamrudisha majini, saa nne akageuka tumbo juu. Wakuu, nilikaa chini kwenye tope.

Nikaenda Bweranyange kwa mama mmoja anayezalisha samaki. Akauliza maji yangu yakoje. Nikasema asubuhi yanauma vidole.

"Ukatumia saa za Mwanza huku kwenye baridi? Huku mayai yanachelewa kuiva, baba. Yakiiva yanamwagika ukigusa tu. Ukilazimisha unapasua kizazi. Na nani kakwambia samaki anamalizwa?"

Nilichojifunza ndicho hicho: jike asiyetoa mayai kwa kuguswa, mrudishe majini, subiri.

Kosa la mikono ni langu. Lakini saa alinipa nani? Nilimpigia Deus, akacheka: "Pole mzee, una mkono mzito."

Mliozalisha kambare kwenye baridi, nyie mnasubiri mpaka lini? Semeni hapa.

Na wewe Deus, najua humu unasoma. Leo jioni umemchoma jike wa jirani yangu Kalikawe. Umempa saa ngapi? Jibu kabla hakujapambazuka.