Mistari Miwili ya Mama Hidayah

Mama Hidayah alishona kanzu na magauni ya gomesi kule Bwera kwa miaka kumi na minne, na mpaka leo akikutazama unahisi anakupima mabega. Jina lake hasa ni Hanifah, ila hapa Kasese sijasikia mtu akimwita hivyo. Miguu ilipoanza kuvimba kwa kukanyaga cherehani, aliuza mashine hiyo, akanunua kompyuta na printa, akakodi chumba kati ya duka la vocha na mkaanga chapati. Anachapa kadi za arusi, mitihani ya shule, ratiba za mazishi. Baba yangu, aliyetoka Kenya kufanya kazi kwenye kiwanda cha saruji, alicheka aliposikia: fundi wa nguo atajuaje kupanga maandishi?

"Nguo na ukurasa ni ndugu," Mama Hidayah alinijibu nilipompelekea maneno ya Baba. "Yote iko na upindo. Ukisahau upindo, umeharibu."

Programu anayotumia aliwekewa na binti yake Hidayah, anayesoma chuo kikuu Mbarara. Unaiandikia maneno pamoja na amri, nayo inapanga ukurasa. Mwanzoni ilimtesa. Ukitaka jina lisogee kidogo, unabadilisha namba, unangoja, unatazama, unabadilisha tena. Ndipo Hidayah akamletea kifaa kingine cha kukaa juu ya ile programu. Ukurasa unaonekana kwenye skrini, unashika kisanduku cha maneno kwa mausi, unakivuta unakotaka, na namba zinajiandika zenyewe ndani ya amri. Mara ya kwanza kuona zile namba zikikimbia nilisahau kilichonileta. Tena zinahesabu kutoka chini ya karatasi kwenda juu, kama grafu ya hesabu!

Alhamisi moja nilikuwa nimeleta gazeti la ukutani la klabu yetu ya shule. Nikamkuta na vyeti arobaini vya madrasa ya Bwera: karatasi nene, ukingo wa dhahabu, na mstari mmoja wa nukta wa kuandikia jina. Shehe alikuwa ameshavisaini vyote kabla ya kuondoka kwenda Hija. Watoto arobaini, vyeti arobaini. Cha akiba hakuna, na sherehe ni Jumamosi.

"Ukiharibu kimoja je?" nikauliza.

"Wewe mtoto, maswali yako inamaliza hewa humu ndani. Kaa."

Skana yake ilikuwa imekufa, kwa hiyo hakuweza kukiweka cheti kwenye skrini na kuvuta jina juu yake. Alikipima kwa rula, kutoka ukingo wa chini hadi kwenye nukta, akakivuta kisanduku mpaka namba zikalingana na kipimo. Akajaribu kwenye karatasi ya kawaida. Jina lilikaa vizuri, lakini karatasi ya kawaida haina nukta, basi ungejuaje? Akaweka cheti cha kwanza. Printa ikanguruma.

Jina la Ashraf, wa kwanza kwenye orodha, lilitoka chini ya mstari, kama mtu aliyeinama kupita chini ya kamba ya kuanikia nguo.

Mama Hidayah hakupiga kelele. Alizima printa, akapima tena, akapata namba ileile. Mimi nilikuwa nimeegemea meza, macho yangu yako usawa wa rula, nikaona.

"Mama, mbona umeanzia kwenye ncha? Sifuri iko hapa ndani."

Akaisogeza karibu na macho. Kati ya ncha ya plastiki na sifuri palikuwa na nafasi tupu, kama nusu sentimita. Tepu ya fundi haina nafasi hiyo. Inaanza kuhesabu palepale kwenye ncha, na mkono wake ulikuwa umeizoea ncha kwa miaka kumi na minne.

"Eh," akasema. "Tepu imenisaliti na haiko hata hapa."

Alikivuta kisanduku juu nusu sentimita. Sasa vile thelathini na tisa vingetoka sawa kabisa. Lakini hakuchapa. Alikishika cha Ashraf, akakitazama muda mrefu.

"Watoto watalinganisha," akasema. "Wakiona yake peke yake imeanguka, watamwitaje?"

Nilijua wangemwitaje. Shuleni kwetu jina la namna hiyo halikutoki mpaka umalize kidato cha nne.

Harufu ya chapati ikaingia, ikatoka. Mara akacheka peke yake.

"Phionah, ukikosea mkono mmoja ya nguo, unafanyaje?"

"Nafumua."

"Na kama kitambaa imekatwa tayari? Unakata na ya pili ifanane. Watu wanaita mtindo."

Akalirudisha jina chini palepale lilipokosewa. Kisha akachora mstari mpya wa nukta, akaushika kwa mausi, akauvuta polepole mpaka ukakaa chini ya jina. Akaupima kwa rula, na safari hii alianzia kwenye sifuri. Cheti cha Ashraf alikirudisha kwenye printa kipate ule mstari tu, halafu vingine vyote vikapata jina na mstari. Arobaini, kila jina limelala katikati ya mistari miwili. Ungeapa vilibuniwa hivyo.

Ijumaa mchana nilirudi kuchukua gazeti letu. Ustadhi Wahab, mwalimu wa ile madrasa, alikuwa ameshafika.

"Mama Hidayah, kazi iko tayari? Batoto beko wananiuliza kila saa." Akainua cheti cha juu. "Hii mistari mbili ni ya nini? Nilikuachia moja."

Ningekuwa mimi ningesema ni mapambo. Yeye alisema ukweli wote, rula na tepu, bila kuinamisha uso. "Moja niliharibu, Ustadhi. Nikafanya zote zifanane nayo. Kama haukubali, sema."

Ustadhi aliketi. "Nionyeshe ile iliharibika."

"Itafute wewe mwenyewe."

Akavipitisha vyote, kimoja kimoja, mara mbili. Kwenye cha Ashraf hakusimama hata kidogo. Mwishowe akavikung'uta mezani vikalingana, akavitia kwenye mfuko, akasema, "Mutoto wa mutu hana makosa hapa," akatoka kwenda kutafuta gari la Bwera.

Mama Hidayah alichukua rula, akaiegemeza kwenye ukingo wa meza, akaikata ile ncha kwa mkasi wake wa zamani wa kushonea, mpaka kwenye sifuri.