Sombe ya Mwalimu Gabrieli

Ninaposikia harufu ya udongo mbichi ukisiribwa ukutani, moyo wangu huenda Kabambare, kwenye shule yetu ya chumba kimoja. Wazee waliijenga kati ya vijiji viwili, kimoja cha Wakristo, kingine chetu sisi Waislamu, ili upande wowote usiseme ni ya wenzao. Kuta za miti na udongo, paa la nyasi, na sote humo ndani: wadogo mbele, wakubwa nyuma, kelele moja.

Ilikuwa wakati wa Wabeleji. Mwalimu wetu, Gabrieli, alitumwa na misheni kutoka upande wa Kasongo. Hakuwa na mke, kwa hiyo familia zilipokezana kila wiki kumletea chakula cha mchana. Alikula palepale darasani, maana chumba kingine hakikuwapo.

Baba aliniruhusu kusoma shingo upande. Majirani walimwambia nitabatizwa kabla sijajua kuandika jina langu.

Mwezi wa Ramadhani, zamu ikatuangukia. Mama alikuwa amefunga, hawezi kuonja, basi akaniita mimi wa miaka minane nionje majani ya muhogo aliyopika, kama chumvi imetosha.

“Mwajuma, onja sombe. Munyu iko?”

Nilionja mara tatu. Ya tatu ilikuwa ya tumbo langu tu. Shuleni mwalimu akaipokea sahani kwa mikono miwili, akaifunika, akaiweka dirishani. Tulipotoka alasiri bado haijaguswa. Kesho yake nikaikuta tupu, nikaamini amempa mbwa wake.

Nikidhani ulimi wangu umekosea, nikamwambia mama chumvi ilizidi. Akapunguza. Siku ya tatu nikamsihi apunguze tena, na jioni, wakati wa kufuturu, baba akaacha kutafuna akauliza kama chumvi imekwisha Kabambare nzima. Nikalia, nikasema yote, pamoja na habari ya mbwa.

Asubuhi baba alinishika mkono hadi shuleni, nami nikajua masomo yangu yamekwisha. Mbele ya darasa zima akamwuliza mwalimu kama ni kweli chakula cha mke wake kinaliwa na mbwa.

Mwalimu akatazama benchi la nyuma.

“Baba Mwajuma, hawa batoto wakubwa wamefunga. Nitakula namna gani mbele yao? Ninangoja jua lilale, ninakula nyumbani. Na ile sombe ya mama, ninaimaliza yote.”

Baba akaniachia mkono.

“Basi usikule peke yako,” akasema. “Jua likilala, kuja kwetu.”

Akaja, wakala sahani moja. Habari ya kunitoa shuleni haikusikika tena, na kiangazi kilichofuata, paa la shule lilipooza, baba alikuwa wa kwanza kukata nyasi.

Wakati ule nilifurahi tu kwamba ulimi wangu haukukosea. Utu uzima ndio ulionifundisha yaliyobaki. Mwalimu naye alikuwa na wakubwa wake misheni, na habari ya mtu wao kufuturu kwa Waislamu isingechelewa njiani. Angeweza kufukuzwa, naye alilijua hilo. Alikuja jioni zote zilizobaki za mwezi ule, amevaa shati lake la Jumapili.