Gunzi kwenye chupa ya wiski: hewa ilivyotaka kumharibia jina Mzee Mrisho wa Kimamba

Wakuu, habari za leo.

Juzi humu kuna kijana kaanzisha uzi analalamika wiski yake imepoa ladha, na anamtuhumu dada wa kazi kwamba kainywa akajazia maji. Nimeshindwa kunyamaza. Kabla hujamfukuza huyo dada, soma kwanza hapa. Sehemu ya kosa nitakalosimulia ni langu mwenyewe, kwa hiyo sina sababu ya kuwapikia chai.

Mimi ni mzee wa sabini na kitu, mzaliwa wa Berega kule milimani. Mashamba ya mkonge yalipokwisha kutaifishwa, nilikuwa karani wa stoo kwenye shamba moja karibu na Kimamba. Nilikuwa kijana, nimeoa, najiona najua kila kitu. Hilo la mwisho halijabadilika.

Shamba lilikuwa na nyumba ya wageni. Wakubwa waliokuwa wakienda kuona wanyama Mikumi walipitia kwetu kula na kupumzika.

Mpishi alikuwa Mzee Mrisho, mtu wa hukohuko bondeni, Mwislamu wa kweli. Ndiye aliyekuwa akiadhini kwenye msikiti mdogo wa kambi ya wafanyakazi. Pombe hajawahi kuionja, lakini kwa kuimimina alikuwa fundi.

Vitu vya nje vilikuwa adimu siku zile. Hata sabuni tulikuwa tunaisubiri. Ndugu Meneja alikuwa na chupa moja tu ya wiski, na sisi tuliiita dawa ya wageni. Mgeni mzito alipata toti mbili, mgeni mwepesi alipata chai.

Siku ilipofunguliwa, Meneja alijaza kwanza kichupa chake bapa cha safari, mpaka shingoni, akakaza kifuniko na kukitia kwenye sanduku lake. Kikumbukeni hicho kichupa.

Chupa kubwa ikabaki kabatini, inapungua kidogo kidogo, miezi na miezi.

Sasa hapa ndipo kosa lilipoingia.

Mke wangu alijifungua mtoto wetu wa kwanza, na nyumbani hatukuwa na taa. Chupa ya kutengenezea koroboi ninayo, kifuniko cha bati cha kutoboa na kupitisha utambi sina. Nikamweleza Mzee Mrisho. Akafungua kabati, akazungusha kifuniko cha ile wiski, akanipa.

"Chukua," akasema, "mtoto asikae gizani."

Chupa akaiziba kwa gunzi la muhindi. Msicheke. Mafuta ya taa tuliziba kwa gunzi, asali tuliziba kwa gunzi. Nani angewaza kwamba wiski ina maringo?

Miezi kadhaa baadaye akaja mgeni mzito. Akaonja, akaweka bilauri chini, akauliza kama siku hizi wiski inachotwa mto Mkondoa.

Meneja naye akaonja. Imepwaya kabisa. Akaleta kichupa chake cha safari, wakaonja hicho: kali, harufu imejaa chumba. Chupa ileile, imefunguliwa siku ileile. Kwake kesi ikaishia hapo. Mpishi anakunywa na kujazia maji.

Akamuuliza kifuniko kiko wapi. Mzee Mrisho akajibu kimepotea.

Hakunitaja, wakuu. Kile kifuniko kilikuwa mali ya umma, na neno hilo halikuwa la mchezo. Karani wa stoo akikutwa nacho nyumbani, kazi hana.

Mzee akasimamishwa kazi. Lakini lililomuuma zaidi ni kwamba habari ilifika msikitini kabla yake. Ijumaa ile aliadhini mtu mwingine.

Nilikwenda kwake. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba. Mkewe akaniambia mzee hali chakula siku ya tatu. Niliona aibu mpaka nikashindwa kumaliza maji niliyopewa.

Ila mimi nilikuwa najua jambo. Shangazi yangu alifanya kazi zahanati, na nimekua nikimsikia akigombana na watu kwamba spiriti ikiachwa bila kufunikwa vizuri inabaki maji. Wiski nayo ni hivyo hivyo. Chupa ikijaa, hewa ndani ni kidogo. Ikibaki robo, robo tatu ni hewa, na hewa hiyo inaila harufu taratibu. Ongeza gunzi linalopumua, ongeza joto la Kilosa, ukali unajiondokea wenyewe. Watu wa kemia mtanirekebisha maneno, jambo lenyewe ndilo hilo.

Kesho yake nikamfuata Meneja ofisini. Nikamwomba ajaribu mwenyewe. Wiski ya kile kichupa aigawe: nyingine ajaze kichupa kitupu cha dawa ya zahanati mpaka juu na kukaza, nyingine aimimine kwenye chupa kubwa iliyokauka na kuiziba kwa gunzi. Zote azifungie kwenye kabati lake, ufunguo akae nao yeye.

Akaniuliza nina hakika kiasi gani.

"Nikikosea," nikamjibu, "nifukuze mimi pamoja naye."

Wiki saba tulisubiri. Mbele za watu nilitembea kifua mbele, ila usiku nilikuwa nahesabu siku zilizobaki.

Siku ilipofika, Meneja alituita mimi na Mzee Mrisho. Akafungua kabati. Akaonja ya kichupa cha dawa, ikamkunja uso. Akaonja ya gunzi. Akakaa kitini, akaonja tena, kisha akanipa na mimi. Ilikuwa kama chai ya majani yaliyochemshwa mara ya pili. Na ufunguo ulikuwa mfukoni mwake muda wote, hakuna wa kumsingizia.

Akauliza tena kifuniko kilikwenda wapi. Mzee Mrisho akataka kujibu, nikamtangulia. Nikasema kiko kwangu, kwenye koroboi la mtoto.

Meneja akamgeukia. "Mzee, kwa nini hukusema?"

"Huyu ana mtoto mchanga," akajibu. "Wangu wameshakua."

Mimi nilipata barua ya onyo, na niliistahili. Meneja naye alikuwa mtu mzima. Ijumaa iliyofuata alisimama nje ya msikiti watu wanatoka, akamwomba Mzee Mrisho radhi mbele yao wote.

Siku ile ya majaribio, tulipokuwa njiani kurudi, mzee aliniuliza wiski nzima ikoje. Nikamwambia inaunguza koo. Na iliyoharibika? Nikamwambia haiunguzi.

Akafikiri kidogo. "Sasa iliyoharibika ni ipi hapo?"



Alasiri ya Ijumaa ile ya kuombwa radhi nilikuwa stoo nahesabu magunia, nikasikia adhana, na sauti ni yake. Mimi Mwanglikana, lakini niliweka kalamu chini nikasikiliza mpaka mwisho.

Nilichojifunza: chupa ikishuka chini ya nusu, hamishia kwenye chupa ndogo ijae, kaza kifuniko, au imalize na marafiki. Ladha ikibadilika, usikimbilie kumshuku mtu.

Wenye uzoefu mwageni hapa chini, na wabishi pia nawasubiri. Na wewe kijana wa uzi wa juzi, nenda kaangalie kifuniko. Kisha kamwombe dada radhi, na uiombe mbele ya wale wale waliokusikia ukimwita mwizi.