Kidole Juu ya Mchanga

Asubuhi ile tulikuwa tunatengeneza mlima. Sanduku lilikuwa la mbao, upana wake kama meza ya kulia watu kumi, limejaa mchanga tuliouchota mtoni. Kwa mchanga ule wanafunzi wangu walijenga nchi: uzi wa buluu ulikuwa mto, utepe wa kitambaa ulikuwa barabara, na vijiwe vya kijani kutoka migodini vilikuwa nyumba za watu.

“Mwalimu,” aliuliza mmoja, “hii iko kilima, ao ni tumbo ya Prosper?”

“Tumbo yangu haina miti juu,” Prosper akajibu, akichomeka kijiti kileleni. Wote wakacheka, nami nikacheka.

Walikuwa kumi na wanne, wanafunzi wa mwisho, na baada ya majuma machache wangevaa nyota ya luteni. Shule yetu ilikuwa upande wa Karavia, katika mji ambao wakati ule uliitwa Elisabethville. Katanga ilikuwa imejitenga na Kongo. Maofisa karibu wote walikuwa Wazungu, na serikali ilitaka maofisa wenye nchi haraka. Mimi nilikuwa adjudant, cheo kilicho chini ya luteni, mtoto wa fundi wa reli kutoka kaskazini, na kabla ya jeshi nilifundisha shule ya msingi. Kwa hiyo nilipewa kazi ya kuwafundisha kusoma ramani na kutoa amri. Majirani zetu wa Kasai walikuwa wamefunga nyumba zao na kukimbilia kambi ya wakimbizi kwa kutuogopa sisi. Sikujiuliza sana maofisa hawa tunawaandaa dhidi ya nani. Niliipenda kazi, na niliwapenda vijana.

Nieleze kidogo jinsi amri inavyotolewa, maana yote yaliyofuata yamo humo. Kwanza unamwambia sajini wako adui yuko wapi. Kisha wenzetu wako wapi. Kisha tunataka nini, na kila mmoja atafanya nini. Mambo hayo kijana yeyote mwenye akili huyashika kwa siku mbili. Lililobaki ni dogo, na ndilo gumu: unanyamaza, na sajini anakuonyesha kwa kidole, juu ya mchanga au ramani, njia atakayopita tangu mwanzo hadi mwisho. Usikubali “ndiyo”. “Ndiyo” ni adabu tu. Kidole ndicho kinachosema kama mtu ameelewa.

Nililirudia somo hilo mpaka wakaliimba wakifua nguo.

Siku ya mtihani kila mwanafunzi alipewa sajini wa kweli. Prosper Kasongo alimpata muzee Mwepu. Mwepu alikuwa askari tangu enzi za Wabelgiji. Alikuwa amepigana vita vya mbali, na alijua kuwalisha na kuwatuliza watu kuliko sisi sote. Shule hakuiona hata siku moja.

Prosper alitoa amri nzuri kuliko wote. Sauti haikupanda wala kushuka. Alipomaliza, Mwepu akapiga saluti: “Ndiyo, mon lieutenant.” Prosper akatazama chini, akasema, “Aksanti, baba.” Basi. Kidole hakikugusa mchanga.

Nikamwita pembeni. “Ju ya nini hukumwambia aonyeshe?”

“Mwalimu, ule muzee iko sawa baba yangu. Nimwambie aonyeshe na kidole, sawa mutoto wa primaire? Mbele ya bantu?”

Wenzake waliomsikia wakaguna kumuunga mkono. Nami, mwana wa wazazi waliotufundisha kumpokea mkubwa kwa mikono miwili, niliona moyoni kwamba kijana ana malezi. Ningeweza kumrudisha darasani juma moja zaidi. Kapteni Mzungu alikuwa mlangoni akitazama saa, anataka orodha ya waliofaulu kabla ya adhuhuri. Lakini nisimsingizie kapteni. Niliandika kwenye karatasi ya Prosper: *Anaheshimu watu. Yuko tayari.* Nikatia sahihi.

Siku ya kuvalishwa nyota, mama yake alinitafuta katikati ya umati. Alikuwa mjane wa mfanyakazi wa reli, amevaa kitenge kipya ambacho hakijafuliwa bado. Akanishika mikono yote miwili. “Mwalimu, umemufundisha muzuri. Aksanti.” Prosper alikuwa nyuma yake, akiigusa nyota yake mara kwa mara, akidhani hatumwoni.

Mvua ilipoanza, vita vikaingia mjini. Askari wa Umoja wa Mataifa, wale wa kofia za buluu, walikuja na magari ya deraya, na ndege zikapita chini hadi mabati yakatetema. Shule ilifungwa. Nami nikatumwa kupeleka masanduku ya risasi kwenye kikosi kilichokaa kando ya mto Naviundu. Kilikuwa kikosi cha Prosper.

Nilimkuta amelowa, amekonda, na ametulia. “Mwalimu wangu!” akasema, kisha akakumbuka cheo akajiweka sawa. Mimi ndiye niliyepaswa kumpigia saluti, nikampigia. Alifurahi, akaona haya.

Kabla ya saa sita mchana ikaja amri ya kurudi nyuma. Kutoka mtoni zilikuwepo njia mbili. Kulia ilikuwa barabara pana, iliyo wazi, na ng'ambo magari ya deraya yaliitazama. Kushoto ilikuwa njia ndogo inayopita nyuma ya matanuru ya matofali, imefichika. Prosper alitandaza ramani juu ya sanduku la risasi nililolileta mwenyewe. Akamwita Mwepu, akamweleza. Mwepu atatangulia na watu wanane, njia ya matanuru. Prosper atabaki na wengine kuwakinga kwa risasi, kisha atafuata njia hiyo hiyo. Kidole kilichopita juu ya karatasi kilikuwa cha Prosper peke yake.

“Ndiyo, mon lieutenant,” Mwepu akasema.

Nilikuwa hatua tatu kutoka pale. Nilisubiri kidole cha pili.

Prosper alikunja ramani.

Ningeweza kusema neno. Lakini alikuwa na nyota, askari wake walikuwa wanamtazama, nami sikutaka kumvua uofisa kwa somo la darasani. Nikanyamaza.

Mwepu na watu wake wakaondoka wameinama. Kwenye mti ulioanguka, njia zilikoachana, walipinda kulia.

Prosper aliona kabla yangu.

“Baba Mwepu! Kushoto! Kushoto!”

Mvua na bunduki vilimeza sauti yake. Aliniambia, “Mwalimu, kaa na hawa,” akatoka katika shimo tulimojikinga.

Alikimbia vizuri. Alikuwa mrefu.

Aliwafikia barabarani. Nilimwona akimshika Mwepu bega na kumsukuma kwenye mtaro.

Kisha deraya ikapiga.

Wengine tulipita nyuma ya matanuru, na hakuna aliyeumia hata ukucha. Njia ilikuwa nzuri. Amri ilikuwa nzuri. Katika wale wanane walirudi watatu, na Mwepu. Prosper hakurudi.

Siku ya pili nilimkuta Mwepu katika ua wa misioni tulikokusanyika, kaketi juu ya tofali, mkono umefungwa. Nilikaa karibu naye.

“Mwalimu,” akasema, “ile karatasi mi sijuake kuisoma. Kwangu iko sawa kitambaa tu. Ile barabara ya kuume njo nilijua, tulipita pale na kuja.”

“Mbona hukusema, baba?”

“Nimwambie mutoto, mbele ya batoto benzake, asema muzee hajue? Yeye njo chef. Angeniuliza, ‘onyesha’, ningemwambia kweli.” Akatazama mkono wake. “Nilingoja aniulize.”

Kumbe wote wawili walikuwa wanaheshimiana, na mimi nikiwaheshimu wote.

Katanga ile ilikwisha, sare zikafichwa au zikachomwa, na mji ukapata jina jingine. Nilirudi kufundisha watoto. Nimefundisha miaka mingi, na nathubutu kusema nimefundisha kwa upole. Lakini hakuna mtoto wangu aliyeketi chini kwa kusema tu “ndiyo, mwalimu”. Nilimwambia: njoo ubaoni, mwanangu, usiogope, tuonyeshe. Wengine waliniona msumbufu.

Kwa mama yake Prosper nilikwenda siku arobaini baada ya mwanawe kufa. Nilikuwa nimejiandaa kumwambia yote: mtihani, karatasi, sahihi yangu. Alinikaribisha, akanipa kiti chenye mgongo, yeye akaketi mkekani. Nilimweleza kwamba mwanawe alikufa akiwakimbilia watu wake ili awarudishe.

Alilia kidogo, akajifuta kwa ncha ya kitenge, kile kile, ambacho sasa kilikuwa kimefuliwa mara nyingi.

“Hakuacha bantu yake,” akasema. “Mwalimu, ulimufundisha muzuri.”

Alikuwa mkubwa wangu, na alikuwa na msiba. Nilizipokea shukrani zake kwa mikono miwili, nikasema, “Ndiyo, mama.”