Mfuniko wa Sufuria Niliokwenda Nao Kununua Besi

Niliondoka Haneti kwenda Dodoma mjini kuchagua gitaa la besi na spika yake, ingawa sijui kupiga. Ngoma ya muheme napiga, kama wanawake wengi wa kwetu, lakini gitaa sijawahi hata kulipakata. Nilitumwa na kwaya kwa sababu mume wangu, Elia, ndiye aliyekuwa mpiga besi wao mpaka alipofariki. Gitaa alilotumia lilikuwa la kuazima. Matanga yalipoisha mwenye gitaa alikuja, akatupa pole, akalifunga kwenye pikipiki pamoja na spika, akaondoka. Hakukosea. Lilikuwa lake.

Sasa ibada ya kumbukumbu ya mwaka ilikuwa inakaribia, na kwaya ilitaka siku hiyo besi isikike kama ya Elia. Mwalimu wa kwaya, Lameck, alikuja nyumbani.

"Mama Neema, sauti ile wewe ndiye unayeijua."

"Mimi nilikuwa jikoni."

"Ndiyo hivyo. Umeisikia kuliko sisi. Sisi tulikuwa tunaimba."

Hilo lilikuwa kweli. Elia alifanyia mazoezi chumba cha nyuma, na jiko langu limepakana na chumba hicho kwa ukuta mmoja wa tofali. Kila jioni nilipika nikiusikiliza ukuta. Alipogonga noti nene za chini, mfuniko wa sufuria kubwa, ambao nauegemeza rafuni, ulitetemeka na kulia jii. Katika pambio moja Elia aliingia kabla ya wenzake kila mara. Lameck alimkemea mpaka akachoka. Mfuniko nao uliingia mapema pamoja naye, na mimi nikazoea kwamba pambio ndivyo lilivyo.

Nikamwambia Lameck wazi kwamba siendi kwa ajili ya kwaya. Nataka kumsikia Elia tena nikiwa jikoni. Akasema hata hivyo gitaa litakuwa mali ya kwaya. Tukakubaliana.

Asubuhi ya safari nilipanda basi la kutoka Kondoa, kikapu mapajani, mfuniko ukichungulia. Kando yangu alikaa mzee mfanyabiashara, Mrangi wa Kondoa, mwenye kofia safi sana. Nilimwamkia, akaitikia, kisha akautazama mfuniko.

"Mama, sufuria yenyewe iko wapi?"

"Imebaki nyumbani."

"Kwa kawaida watu husafiri na sufuria."

"Nakwenda kununua gitaa," nikamweleza.

Aligeukia dirishani mpaka Msalato. Hapo akanionyesha uwanja mpya wa ndege na kuusifu kwa urefu, nadhani kwa kuwa ndege ni jambo linaloeleweka.

Mjini nilianzia duka la vyombo vya muziki karibu na soko. Muuzaji, kijana anayenukia vizuri, alinipa kiti. Akachukua besi ya bluu inayong'aa, yenye betri ndani, akaipiga kwa kidole gumba upesi upesi. Ilisikika kama vijiko vinavyoanguka sakafuni.

"Unaionaje, mama yangu?"

"Inanifanya nitake kuondoka."

"Lakini hii ndiyo wanayotumia watu wote sasa hivi."

"Ninayemtafutia hayupo sasa hivi."

Akaelewa, akaniambia pole, na akairudisha besi ukutani taratibu kuliko alivyoitoa. Akanielekeza Kizota, kwa fundi Shabani. "Huyo ana magitaa ya mtindo wa zamani," akasema. "Anapenda vitu vya huzuni."

Mchana nilikuwa Kizota. Bajaji iliniacha kati ya watu wanaochomelea mageti. Karakana ya Shabani ni chumba kimoja kirefu, na yeye ni mtu wa rika langu, mwenye miwani iliyofungwa kwa waya wa gitaa. Alinipa kushika besi ya rangi ya asali, nyeusi pembeni, yenye rangi iliyobanduka mahali pa mkono.

"Hii imetumika sana," nikasema.

"Haijatumika kabisa. Imekwaruzwa kiwandani."

"Kwa nini?"

"Ionekane ya zamani. Wateja wanapenda."

"Na ikikwaruzwa inaongezwa bei?"

"Inaongezwa, mama. Mimi mwenyewe sikusoma mambo hayo."

Kisha akanieleza pikapu. Si gari, ni sumaku zilizozungushiwa waya, zinakaa chini ya nyuzi na kuipeleka sauti kwenye spika. "Hii ya karibu na shingo ina tumbo. Hii ya nyuma ina meno. Mumeo alikuwa na nini?"

"Hakuwa na meno."

Shabani alitazama pembeni, akakohoa, akaipiga ile ya tumbo. Nilisikiliza nikiwa mbele yake. Haikuwa yenyewe. Akanipigia ile ya nyuma. Haikuwa. Akabadilisha gitaa. Nikaanza kuogopa kwamba nimeisahau, na nikimsahau kwa masikio sina tena pa kumpata. Picha tunazo mbili tu, na katika zote mbili amenuna.

Ndipo nikakumbuka kwamba katika miaka yote ya ndoa sikuwahi kukaa mbele ya ile besi.

"Nyuma ya ukuta huu kuna nani?"

"Mama Zuhura. Anapikia mafundi."

Nikachukua mfuniko wangu, nikazunguka. Mama Zuhura alikuwa anachambua mchele. Nilimsalimu, nikamweleza shida yangu, nikauegemeza mfuniko kwenye rafu yake, ukutani. Hakushangaa. Alisogeza vikombe tu.

"Piga!" nikamwita Shabani. Akapiga. Mfuniko ukatulia.

"Toa meno!"

Akapiga ya shingoni. Sasa ilikaribia, ila kila noti ilining'inia hewani ikikataa kwisha. Shabani akaja mpaka mlangoni.

"Mumeo nyuzi alizibadilisha lini mara ya mwisho?"

"Sijawahi kumwona akibadilisha."

"Ungeniambia tangu mwanzo."

Akaenda kufunga nyuzi kuukuu, laini, zisizong'aa tena, na chini yake, karibu na pale zinapofungiwa, akachomeka kipande cha sponji ya godoro ili noti ife upesi. Ikabaki spika. Moja ilikuwa na taa za kioo ndani, inapashwa moto kwanza kama pasi. Sauti yake ilikuwa nzuri, lakini Shabani mwenyewe alisema umeme wa kuzima na kuwaka utaiua. Nyingine ilikuwa ndogo, nyepesi, mfuniko haukuijali. Ya tatu ilikuwa boksi kubwa la mbao, lenye spika moja pana, zito kama kabati.

Akapiga. Mfuniko ukalia jii.

"Kumbe hilo ndilo linalonitetemeshea vikombe," Mama Zuhura akasema. "Lichukue, dada. Lichukue leo hii."

Nilikaa juu ya ndoo yake. Alinimiminia chai, akaendelea na mchele wake.

Kurudi, boksi lilisafiri chini, kwenye buti la basi, na gitaa nililipakata mimi. Hakuna aliyeniuliza kitu. Gitaa watu wanalielewa.

Siku ya kumbukumbu, nyumbani kwetu, nilipewa kiti cha mbele. Nilikuwa nimemwomba Lameck boksi likae chumba cha nyuma, mlango wazi. Alisema uani itasikika vibaya. Nikamwambia ndiyo, itasikika vibaya kidogo. Aliyepiga ni Daudi, muuza mbegu, kijana mpole.

Walipoanza pambio lile, niliinuka. Wifi yangu akanishika mkono, mwingine akamwambia, "Mwache akalie." Sikuwa nakwenda kulia. Nilikuwa nakwenda jikoni.

Wapishi walinipisha. Mfuniko ulikuwa rafuni, mahali pake. Noti za chini zikaja kupitia ukutani, nao ukalia. Ilikuwa yenyewe: tumbo, bila meno. Nikashika mwiko, nikangoja pale ambapo Elia huingia mapema. Pakafika. Mfuniko ukakaa kimya. Daudi alingoja kama alivyofundishwa, akaingia pamoja na wenzake.

Nilikuwa kaburini siku ya mazishi, na nilitupa udongo kwa mkono wangu. Lakini kwangu Elia aliondoka siku hii, pale jikoni.

Lameck akaja mlangoni. "Mama Neema, sauti ndiyo?"

"Sauti ndiyo."

"Bwana asifiwe."

"Daudi amepiga vizuri kuliko Elia."

"Elia alikuwa anakosea pale."

"Alikuwa anakosea," nikasema.

Siku hizi kwaya za jirani huniuliza namna ya kuchagua besi. Nawaambia nyuzi zisiwe mpya, boksi liwe kubwa, na anayesikiliza asimame upande aliouzoea, hata kama ni nyuma ya ukuta. Sauti wataipata. Lile kosa la Elia wasiliulizie, halipo dukani.

Siku ile, Lameck alipoondoka, niliutoa mfuniko rafuni nikafunikia wali. Wageni walikuwa wengi, na ulikuwa unapoa.