Hukumu Haiatamiwi

Mwanangu, kuna siku moja naikumbuka na roho bado inaniuma: siku tulipotoka Mahakama ya Mwanzo pale Bariadi, mimi na Kabula, mke wa shemeji yangu, sote tumeshinda kesi. Kuna mama wa mgahawa nilimpa mchele kwa mkopo, Kabula akampa maziwa. Mgahawa ukafungwa, mwenyewe simu hapokei. Hakimu akaamuru tulipwe. Yangu ilikuwa hela ya mabati, maana nyumba yangu ya nyasi ilivuja hadi watoto wanalala wamekaa.

Sasa nikwambie ukweli. Za Kabula zilikuwa nyingi kuliko zangu. Weee, wivu ulinipanda! Na hapo mama mkwe wetu alikuwa haishi kumsifu, mara Kabula anajua kukamua, mara Kabula ana adabu. Kabula akaja mlangoni kwangu: "Dada, karani anasema hukumu peke yake haileti hela. Tukaombe ikazwe, vyombo vya mgahawa vikamatwe viuzwe. Twende wote."

"Nenda wewe mwenye nyingi," nikamjibu. Nikaikunja hukumu yangu, nikaifungia sandukuni chini ya vitenge. Mimi mshindi, nimfuate nani?

Kabula akaenda peke yake. Dalali wa mahakama akaja, friji na majiko vikauzwa, mwenzangu akalipwa. Vilivyobaki mwenye nyumba alivichukua kufidia kodi yake. Kabla mvua hazijaisha, Kabula akaezeka. Mwanangu, yale mabati! Jua likitoka yananipiga machoni. Nikaanza maneno kisimani, eti kampa karani kitu kidogo.

Mama mkwe akayasikia, akaniita jikoni kwake.

"Hukumu yako iko wapi?"

"Sandukuni, mayu."

"Unaiatamia? Itaangua vifaranga?" Akaendelea kusonga ugali wala hanitazami. "Mwenzio alikufuata mlangoni. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Wewe umekaa juu ya kitanda, unamtukana aliyeinama."

Kesho yake nikakimbia mjini na karatasi yangu. Nikakuta chumba cha mgahawa kimepangishwa kwa fundi viatu. Yule mama, nikaambiwa, kahama mkoa, hajulikani aliko. Nilishinda kesi, mwanangu, na watoto wangu wakaendelea kulala wamekaa.

Kwa hiyo nisikilize. Ukipewa haki yako, ifuatilie mapema, kabla mdaiwa hajahamisha vyombo. Chelewa chelewa utakuta mwana si wako. Na mtu akikugongea mlango muende wote, hata kama chake ni kikubwa kuliko chako, vaa ndala zako mfuatane. Wivu wangu haukumpunguzia Kabula hata senti. Niliyepungukiwa ni mimi.

Mungu akupe miguu ya kukifuata chako, na moyo wa kukiona cha mwenzio usiumie. Huo moyo, mwanangu, mimi bado nauomba.