Ngozi ya Mkono wa Wifi Yangu

Wifi yangu ana watoto wasiohesabika na hajanyonyesha hata mmoja. Ndivyo ninavyomtania kila Jumapili anapoacha chakula katikati, akanawa mikono na kusema anakwenda kuwalisha. Watoto wenyewe ni seli zilizochukuliwa kwenye ngozi za wagonjwa, zinazokuzwa ndani ya visahani vya plastiki kwenye kabati la joto, kule maabara anakofanya kazi. Hazijui sikukuu wala mvua. Usipozibadilishia ile supu yao nyekundu kwa wakati zinakufa, na utafiti mzima unakwenda arijojo.

Yeye ni fundi wa maabara, si daktari, na ukimpandisha cheo atakushusha mwenyewe. Chumba chake nimekiona. Ni chembamba, kina darubini mbili, jokofu la sampuli, na meza ya chuma yenye kioo mbele ambayo ndani yake feni inavuma kutwa nzima. Kabla hajagusa kitu anapuliza spiriti kwenye glavu na kwenye shingo za chupa, maana chembe moja tu ya kuvu ikiingia kwenye kisahani imekula kila kitu. Nyumbani sasa ndiyo balaa. Ukimpa kikombe, anakiinua kwenye mwanga kwanza. Siku moja nilimwambia kama anaogopa kuvu aoshe vyombo mwenyewe, na akaosha.

Maabara ile ina desturi yake. Kila anayeajiriwa hukatwa kipande cha ngozi mkononi, kidogo kama punje ya mchele, seli zake zikakuzwa na kugandishwa. Wanapochunguza seli za mgonjwa huweka kando yake seli za mtu mwenye afya ili walinganishe. Za wifi zilikua vizuri kuliko za wenzake wote, basi wakambatiza Mzima, naye akavimba kichwa. Akija kwetu na mafua nikamwambia anywe dawa, ananijibu kwamba yeye ndiye kipimo cha afya cha taasisi nzima, nimheshimu.

Mimi nimeolewa na kaka yake, na tuna binti mmoja. Alitembea, akakimbia, akatuvunjia vyombo kama watoto wengine. Kisha miguu ikaanza kulegea, akawa anaanguka mahali pasipo na kitu. Hospitali walitupa jina refu la ugonjwa na kutuambia chanzo chake bado hakijulikani. Mama mkwe wangu yeye alikijua. Katika ukoo wao, alisema, hajawahi kuonekana mtu wa namna hii, kwa hiyo jambo hili limeingia kupitia kwangu. Alinieleza mimi, akawaeleza majirani, halafu akampigia simu mama yangu mzazi na kumwambia kwamba alimwozesha mwanawe binti mwenye damu mbovu. Baya zaidi, nilianza kumwamini. Nilipokuwa namwogesha mtoto nilitazama ile miguu na kujiuliza nilimpa nini mwanangu.

Wifi ndiye aliyetushauri tutoe kipande cha ngozi ya mtoto kwa ajili ya utafiti. Nilikubali shingo upande. Kule sampuli haina jina, ina namba tu, lakini yeye aliijua namba hiyo kwa sababu ndiye aliyekuwa akiilisha. Ananiambia alikuwa akiisalimia kila asubuhi kama shangazi yeyote.

Walichokuwa wakichunguza ni kimeng'enya fulani, kitu kinachofanya usafi ndani ya seli. Kipimo kilipokaribia, kuvu ikaingia kwenye visahani vya seli za wenzake, zikatupwa zote. Wifi akatoa zake kwenye barafu kama alivyozoea, akazikuza, akaziweka kando ya zile za mtoto.

Majibu yakaja ya ajabu. Seli za mtoto hazikuwa na kimeng'enya hicho kabisa, na hilo walilitarajia. Lakini za Mzima zilikuwa nacho nusu tu. Wenzake wakamcheka, wakasema amechanganya visahani. Akakasirika, akarudia, ikatoka nusu. Akarudia tena, nusu ileile. Ndipo profesa wao, mama mmoja mpole asiyependa makelele, akavuta kiti na kumuuliza seli zile za mtu mwenye afya ni za nani. Akajibu ni zake. Profesa akamuuliza kama ana undugu wowote na mtoto mwenye namba ile.

Wifi anasema hapo ndipo alipoliona kosa lake. Hata mwanafunzi anayeanza anajua kwamba huwezi kumlinganisha mgonjwa na ndugu yake wa damu. Yeye pia alijua. Alikuwa amezoea mno kuwa Mzima hata akasahau kuwa ni shangazi.

Profesa hakumfokea. Alimwomba ruhusa wasome vinasaba vyake pamoja na vya mtoto, na wakakuta kosa moja mahali palepale, kwa mtoto mara mbili, kwa shangazi mara moja.

Hapo angeweza kunyamaza. Wangetafuta ngozi ya mtu mwingine na maisha yangeendelea. Tena alikuwa na mchumba, fundi wa miwani, na msichana anayejitangaza kuwa ana kosa la ukoo anajiharibia soko. Lakini alisema, na wa kwanza kumweleza ni huyo mchumba. Yule bwana alimsikiliza mpaka mwisho, akasema kwao wanaume wote wanapata upara wakiwa vijana na hakuna hata mmoja aliyewahi kumwomba mtu radhi.

Jumapili iliyofuata mama mkwe alikuja na lake. Alimtaka mume wangu anirudishe kwetu kabla sijazaa mwingine wa namna hiyo. Mume wangu ni mtu mwema, ila mbele ya mama yake hukaa kimya kama maji ya mtungi, na siku hiyo alikuwa anachezea kijiko. Mimi nilikuwa jikoni, nasikia kila neno. Wifi akaingia, akaketi bila hata kuvua viatu.

"Mama, hili la mtoto liko kwetu," alisema. "Mimi mwenyewe ninalo."

Mama mkwe akamwambia asimtetee wifi yake kwa uongo. Wifi akamweleza taratibu. Kila mtu ana nakala mbili za maagizo ya mwili, moja ya baba na moja ya mama. Moja ikiwa na kosa, nyingine inafanya kazi, na unaishi na afya yako mpaka uzeeni bila kujua. Mtoto akipokea mbovu kutoka pande zote mbili ndipo anaugua.

"Kwa hiyo wifi hakuweza kumpa peke yake. Kaka naye katoa. Na sisi tumelipata kwako, au kwa marehemu baba."

"Ni kwa baba yenu," mama mkwe akasema upesi.

"Basi njoo upimwe."

Mume wangu akaweka kijiko chini, akasema mke wake haendi popote. Nilikaa kwenye ndoo pale jikoni nikalia, na sioni haya kulisema.

Dawa bado haijapatikana. Binti yangu anatembea kwa kujishikiza ukutani, na kuna siku tunambeba. Lakini sasa wanajua wanapigana na nini, na wanajaribu dawa juu ya seli zake, zilezile ambazo shangazi yake anaacha sahani yake mezani kwenda kuzilisha. Mimi ninamwogesha mwanangu bila kujishtaki. Hilo amenipa wifi yangu, na nitamshukuru mpaka nitakapoingia kaburini, hata kama vikombe vyangu ataendelea kuvikagua.

Mama mkwe alikwenda kupimwa akiwa amevaa viatu vyake vizuri, na uhakika wote juu ya marehemu mumewe. Majibu yakaonyesha ni yeye. Profesa alimweleza kwamba hakuna anayechagua vinasaba vyake na hakuna wa kulaumiwa.  Tuliporudi nyumbani alikaa, akaniomba nimpigie mama yangu, nikapiga, nikampa.

"Mkwe," alisema, "ile damu niliyoisema ni yangu pia. Nimepimwa."

Akasikiliza. Kisha akaninyooshea simu, kwa sababu mama yangu alikuwa analia.